Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake: Usawiri wa Viongozi wa Marekani katika Wasifu na Tawasifu

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, niruhusu nianze kwa kukiri kosa. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, nilikuwa mwalimu wa zamu wiki ambayo kioo cha dirisha la bweni kilivunjwa na mhalifu asijulikane. Asubuhi gwarideni niliwasimulia wanafunzi kisa cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Niliwaambia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka sita hivi alipewa kishoka, akaukata mcheri alioupenda babake, na alipoulizwa akakiri papo hapo kwa kuwa hakuweza kusema uongo. Wanafunzi walipiga makofi. Aliyevunja kioo hakujitokeza.

Siku chache baadaye msichana wa kidato cha pili alinijia akiwa na kitabu cha maktaba. Alinionyesha ukurasa ulioeleza kuwa kisa kile hakina ushahidi wowote, kwamba kilitiwa kitabuni na mwandishi wa wasifu baada ya Washington kufa. Kisha akaniuliza kwa adabu: "Sasa mwalimu, kama hadithi ya kutufunza tusiseme uongo yenyewe ni ya uongo, sisi tumefunzwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia kengele imelia, arudi darasani.

Makala haya ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa. Hoja yangu ni moja. Wasifu wa kiongozi unastahili kuhakikiwa kwa zana zilezile tunazozitumia kuhakiki riwaya: msimulizi, usawiri wa wahusika, mandhari, ploti na dhamira. Zaidi ya hizo, kuna swali ambalo riwaya haiulizwi: je, jambo hili lilitokea, na tunajuaje? Mwanafunzi anayeacha zana hizi nje ya mlango anapofungua kitabu cha wasifu huamini kila alisomalo, au, akishadanganywa mara moja, haamini chochote tena.

Yamkini utauliza kwa nini viongozi wa Marekani. Sababu ni mbili. Kwanza, takriban kila rais wa nchi hiyo ameandikiwa vitabu vingi, vya kumsifu na vya kumsuta, hivyo tunapata nafasi adimu ya kulinganisha wasawiri mbalimbali wa mhusika yuleyule. Pili, vitabu hivi, na hadithi zilizochujwa kutoka humo, vimo katika maktaba zetu na katika insha za wanafunzi wetu.

Istilahi

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maelezo ambayo mtu huandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Msomaji wa fasihi ya Kiswahili anazifahamu tanzu hizi kupitia kwa Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad na pia tawasifu yake mwenyewe. Katika tawasifu msimulizi na mhusika mkuu ni mtu mmoja. Katika wasifu ni watu wawili, na uhusiano baina yao ndio jambo la kwanza la kuchunguzwa: je, mwandishi alikuwa rafiki, karani, mtoto, adui au mtafiti aliyezaliwa miaka mia baadaye?

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tutaona jinsi ngozi inavyovutwa.

Washington: mhusika bapa aliyetengenezwa kwa ajili ya shule

Washington alifariki Desemba 1799. Mwaka uliofuata Mason Locke Weems, kasisi aliyekuwa pia mchuuzi wa vitabu, alitoa kitabu cha maisha yake. Kisa cha mcheri hakikuwamo katika toleo la kwanza. Kilitokea katika toleo la tano, mwaka wa 1806, na Weems alidai amekipata kwa bikizee mmoja ambaye hakumtaja jina. Baadaye kisa hicho kiliingia katika vitabu vya kusomea vya shule za Marekani, na vizazi vya watoto vikakikariri.

Tukimtazama Washington wa Weems kihakiki, tunakutana na mhusika bapa. Hakui, hababaiki, hana mgogoro wa ndani. Ni mhusika wa ngano aliyevikwa jina la mtu halisi. Kiutendaji, kisa hiki kina muundo wa hekaya ya maadili: kosa, swali la mzee, ungamo, msamaha. Wala hatuna budi kujiuliza kwa nini kilipendwa. Marekani ilikuwa taifa changa lisilo na mfalme wala ukoo wa kale wa kujivunia, nalo lilihitaji baba wa taifa wa kuwaonyesha watoto. Weems alikuwa akiuza vitabu, na aliwapa wanunuzi walichokihitaji.

Linganisha sasa na kitabu alichokitoa mwanahistoria Erica Armstrong Dunbar mwaka wa 2017 kuhusu Ona Judge. Huyu alikuwa msichana mtumwa katika nyumba ya rais mjini Philadelphia, mhudumu wa mke wa Washington. Mwaka wa 1796 alitoroka. Tangazo la kumtafuta lilichapishwa gazetini, likiahidi zawadi ya dola 10. Washington alijaribu kumrejesha kwa njia mbalimbali, naye akakataa, akaishi New Hampshire hadi kifo chake mwaka wa 1848. Katika miaka ya 1840, akiwa mzee, alihojiwa na magazeti, na kwa njia hiyo maneno yake yakabaki.

Washington ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali msimulizi aliposimama. Weems alisimama bustanini kando ya baba na mtoto. Dunbar alisimama kando ya mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumkimbia mwenye nyumba. Kutoka hapo tunamwona pia Washington aliyeacha wasia kwamba watumwa aliowamiliki yeye mwenyewe waachiliwe huru, ilhali alipofariki zaidi ya watu 300 walikuwa wakitumikishwa katika shamba lake la Mount Vernon, wengi wao wasiohusika na wasia huo kwa kuwa walikuwa mali ya urithi wa familia ya mkewe. Huyu ni mhusika duara, mwenye pande zinazogongana. Hafai kusimuliwa gwarideni kwa dakika mbili, lakini anafaa sana kujadiliwa darasani.

Jefferson: nani anahesabiwa kuwa shahidi?

Thomas Jefferson, rais wa tatu, ndiye mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru la mwaka wa 1776 linalotangaza usawa wa binadamu. Katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Kinaya hicho peke yake kingetosha kuandikiwa tamthilia. Lakini suala linalotuhusu hapa ni la ushahidi.

Mwaka wa 1802 mwanahabari James Callender alichapisha madai kwamba Jefferson alizaa watoto na Sally Hemings, mwanamke mtumwa katika nyumba yake ya Monticello. Mwaka wa 1873 Madison Hemings, mwana wa Sally, alisimulia katika gazeti moja la Ohio kwamba Jefferson alikuwa babake na baba wa ndugu zake. Kwa upande mwingine, wajukuu wa Jefferson walimnyoshea kidole mpwa wake wa ukoo wa Carr.

Waandishi wengi wa wasifu walifanya nini na kauli hizi mbili? Dumas Malone, aliyetoa juzuu sita za maisha ya Jefferson kati ya 1948 na 1981 na kutunukiwa Tuzo ya Pulitzer, aliyakataa madai ya akina Hemings. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kitendo kama hicho hakilingani na hulka ya Jefferson. Tafakari hoja hii, msomaji. Mwandishi anajenga hulka ya mhusika kwa kurasa nyingi, kisha anaitumia hulka hiyo aliyoijenga mwenyewe kuukataa ushahidi. Mwaka wa 1974 Fawn Brodie aliandika wasifu uliouchukua uhusiano huo kuwa wa kweli, akakosolewa vikali.

Mwaka wa 1997 Annette Gordon-Reed, aliyesomea sheria, alichapisha kitabu ambacho kwa hakika ni uhakiki wa waandishi waliomtangulia. Aliweka kauli za pande zote mezani, akaonyesha kwamba wanahistoria walikuwa wakiupima ushahidi wa watu waliokuwa watumwa kwa mizani moja na ushahidi wa familia ya bwana kwa mizani nyingine. Mwaka wa 1998 matokeo ya uchunguzi wa vinasaba yalitangazwa: mzawa wa Eston Hemings, mwana mwingine wa Sally, alilingana na ukoo wa kiume wa Jefferson na hakulingana na ukoo wa Carr. Vinasaba pekee havikuweza kumtenga Jefferson na wanaume wengine wa ukoo wake. Hata hivyo, vilipowekwa pamoja na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba Jefferson alikuwa Monticello wakati ambapo kila mimba ingeweza kutungwa, wakfu unaosimamia Monticello ulihitimisha mwaka wa 2000 kwamba yamkini yeye ndiye baba wa watoto wote sita wa Sally wanaojulikana katika kumbukumbu. Wapo wataalamu waliopinga, lakini wengi wamekubali. Kitabu cha Gordon-Reed cha mwaka wa 2008 kuhusu familia ya Hemings kilimpa Tuzo ya Pulitzer ya historia mwaka uliofuata.

Kwa mtahiniwa, funzo ni hili: unaposoma wasifu, orodhesha wanaosema na wasiosema. Sally Hemings hakuacha hata barua moja. Ukimya wake haumaanishi kwamba hakuwa na la kusema. Unaonyesha ni nani aliyepewa kalamu na nani aliyenyimwa.

Lincoln na Grant: warithi, mabingwa wa kukata

Abraham Lincoln aliuawa Aprili 1865, na mara moja watu wakaanza kumpigania kwa kalamu. William Herndon, mshirika wake katika kazi ya uwakili, alizunguka akikusanya kumbukumbu za majirani na jamaa, na mwaka wa 1889 akatoa wasifu wenye mambo ya ndani ambayo familia haikuyapenda. Makarani wawili wa Lincoln katika ikulu, John Nicolay na John Hay, walitoa juzuu kumi mwaka wa 1890. Wao walipewa ruhusa ya kutumia hati za rais na mwanawe, Robert Lincoln, naye akapewa nafasi ya kuisoma miswada na kudai mambo fulani yaondolewe. Hati hizo hazikufunguliwa kwa watafiti wote hadi mwaka wa 1947.

Unaona, mwalimu mwenzangu, jinsi suala la fani linavyozaliwa na suala la milki. Anayeshika ufunguo wa sanduku la barua ana sauti katika kila sura, hata kama jina lake halimo jaladani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mgema wa wasifu ulioidhinishwa na familia husifiwa kabla hata hajapanda mnazi.

Ukitaka kielelezo cha tathmini isiyotiwa maji, mwonyeshe mwanafunzi hotuba ya Frederick Douglass ya Aprili 1876, alipoalikwa kuzungumza wakati wa kuzindua sanamu ya Lincoln mjini Washington. Douglass alizaliwa mtumwa, akatoroka, akaandika tawasifu tatu. Mbele ya rais na wakuu wengine alisema wazi kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa watu weupe, na kwamba watu weusi walikuwa kama watoto wa kambo kwake. Kisha akaeleza kwamba ukimpima Lincoln kwa mizani ya wapinga utumwa alikuwa mzito na baridi, lakini ukimpima kwa mizani ya taifa alilolazimika kuliongoza, alikuwa mwepesi na shujaa. Mizani mbili zimetajwa, na kila moja imepewa haki yake. Watahiniwa wetu wanaoandika "kiongozi huyu alikuwa mzuri" au "kiongozi huyu alikuwa mbaya" wana la kujifunza hapo.

Ulysses Grant, jenerali wa Lincoln aliyekuja kuwa rais, anatupa mfano wa kimya. Mwaka wa 1885, akiwa amefilisika na akiugua saratani ya koo, aliandika kumbukumbu zake ili mkewe asiachwe maskini. Alimaliza siku chache tu kabla ya kifo chake mwezi wa Julai. Kampuni ya mwandishi Mark Twain ilichapisha juzuu hizo mbili, na mjane akapata zaidi ya dola 400,000. Nathari yake inasifiwa hadi leo kwa uwazi na ufupi. Lakini miaka yake minane ya urais, iliyojaa kashfa za wasaidizi wake, karibu haimo kabisa. Tawasifu inaweza kusema kweli katika kila sentensi na bado ikaficha, kwa kuchagua tu ni wapi pa kuanzia na ni wapi pa kukomea.

Kimya hicho kiliwaachia wengine uwanja. Kwa miongo mingi Grant alisawiriwa kama mlevi na rais dhaifu. Wasifu wa Ron Chernow wa mwaka wa 2017 ulikuwa miongoni mwa vitabu vilivyoirudisha mbele habari ya jinsi alivyotumia nguvu za serikali kulivunja kundi la Ku Klux Klan lililokuwa likiwaua na kuwatesa watu weusi kusini mwa nchi. Kashfa hazikufutwa. Kilichoongezwa ni watu ambao maisha yao yalitegemea maamuzi yake. Sifa ya kiongozi, basi, hubadilika kadiri wasomaji wa kila kizazi wanavyobadilisha maswali yao.

Johnson na Reagan: mandhari ya kweli, msimulizi wa kubuni

Robert Caro alitoa juzuu nne kuhusu Rais Lyndon Johnson kati ya 1982 na 2012. Ili kuielewa sehemu ya Texas alikokulia Johnson, Caro na mkewe Ina walihamia huko wakaishi takriban miaka mitatu. Katika juzuu ya kwanza kuna sura inayoeleza maisha ya wanawake wa huko kabla ya kuletewa umeme: kuteka maji kisimani ndoo baada ya ndoo, kufua kwa mkono, kupiga pasi kwa vyuma vilivyopashwa moto juu ya jiko la kuni. Caro amesimulia jinsi mwanamke mmoja mzee alivyomwambia aivute ndoo ya maji kutoka kisimani ili aujue uzito wake. Aliivuta, na ndipo akaelewa migongo ya wanawake wale ilipindwa na nini.

Wanafunzi wetu wengi hawahitaji kuambiwa uzito wa mtungi. Ndiyo maana sura hiyo huwagusa. Hapa mandhari hayakuwekwa kwa urembo. Ndiyo mizani ambayo kwayo tunampima mwanasiasa aliyepigania umeme ufike kwao. Na Caro huyohuyo, katika juzuu ya pili, anachunguza kwa undani jinsi Johnson alivyoshinda uchaguzi wa Seneti wa mwaka wa 1948 kwa kura 87, akitoa ushahidi wa kura kuibwa. Aliyewaletea wanawake nafuu na aliyenufaika na wizi wa kura ni mtu mmoja, na mwandishi hakumficha mmoja nyuma ya mwingine.

Mfano wa kinyume ni Edmund Morris. Alikwisha kupata Tuzo ya Pulitzer kwa wasifu wa Theodore Roosevelt alipoteuliwa kuwa mwandishi rasmi wa wasifu wa Rais Ronald Reagan, akapewa nafasi ya kuwa karibu naye ikuluni. Reagan alimshinda. Alimwona kila mara lakini hakuweza kumwelewa. Kitabu kilipotoka mwaka wa 1999, wasomaji walikuta kwamba Morris amebuni msimulizi mwenye jina lake mwenyewe, aliyefanywa kuwa wa rika la Reagan na kumfahamu tangu ujana, akashuhudia matukio ambayo Morris halisi, aliyezaliwa Kenya mwaka wa 1940, hakuwako kuyaona.

Naam, umesoma sawasawa: Morris alizaliwa Nairobi. Lakini tusimtetee kwa sababu ya ujirani. Kifani, mbinu yake inavutia. Nafsi ya kwanza huleta ukaribu na uhai. Tatizo ni mkataba baina ya mwandishi na msomaji. Msomaji wa riwaya hukubali kuchezewa, kwa kuwa ameambiwa tangu jaladani kwamba hii ni riwaya. Msomaji wa wasifu ameahidiwa kitu kingine. Mara anapokuta shahidi wa kubuni, huanza kuwashuku hata mashahidi wa kweli. Hii ndiyo gharama ya mbinu ya Morris, na ndiyo gharama ya shoka la Weems.

Obama: tawasifu inayotufikia nyumbani

Barack Obama alichapisha Dreams from My Father mwaka wa 1995, kabla hajachaguliwa kwa wadhifa wowote. Sehemu ya tatu ya kitabu hicho inahusu Kenya: safari yake ya kuwatafuta jamaa za marehemu babake hadi Kogelo, katika eneo la Siaya. Kwa sababu hiyo wasomaji wetu wengi hukisoma kana kwamba ni kitabu cha jirani.

Utangulizi wa kitabu unastahili kusomwa polepole darasani. Obama anaeleza humo kwamba baadhi ya wahusika ni mchanganyiko wa watu aliowajua, kwamba mazungumzo ni makadirio, na kwamba baadhi ya matukio hayafuati mpangilio halisi wa wakati. Mwaka wa 2012 mwanahabari David Maraniss alitoa wasifu wake uliochunguza vyanzo upya. Alionyesha, kwa mfano, kwamba mpenzi wa New York anayesimuliwa kitabuni hakuwa mtu mmoja, na Obama mwenyewe alimthibitishia jambo hilo. Alitilia shaka pia masimulizi ya familia kuhusu kufungwa kwa babu, Hussein Onyango, enzi ya ukoloni.

Je, Obama alidanganya? Nadhani swali hili halitufikishi mbali. Ploti ya kitabu chake ni ya mtu anayetafuta baba ambaye hakumjua, na sehemu kubwa ya aliyoyapata ilikuwa hadithi za wakubwa wake, zilizosimuliwa na kusimuliwa tena. Yeyote aliyefundisha fasihi simulizi anajua kinachotokea kwa hadithi inapopita midomo mitatu. Lililo muhimu ni kwamba alituarifu tangu mlangoni. Tofauti kati yake na Weems haiko katika kubuni. Iko katika kukiri.

Lakini tusimwachie pia. Kitabu kiliandikwa na mwanasheria kijana. Baada ya mwaka wa 2004 kilisomwa na mamilioni kama kitambulisho cha mwanasiasa. Mhusika aliyejengwa kwa ajili ya kutafuta nafsi aligeuka kuwa mhusika wa kuombea kura. Maneno hayakubadilika, ila wasomaji na haja zao. Mwanafunzi anayenukuu kitabu hicho katika insha kama ushahidi wa tukio fulani sharti aulizwe: je, unanukuu tukio, au unanukuu jinsi mwandishi alivyolikumbuka?

Mwongozo kwa mwalimu na mtahiniwa

Unapohakiki wasifu au tawasifu ya kiongozi, zingatia maswali haya:

(a) Msimulizi ni nani, na ana uhusiano gani na mhusika? Ameidhinishwa na familia au la?
(b) Ni nani wanaopewa sauti, na ni nani wametajwa bila kusemezwa?
(c) Mwandishi ametoa wapi habari zake? Bikizee asiye na jina ni chanzo hafifu. Tangazo la gazeti la mwaka wa 1796 linaweza kutazamwa na mtu mwingine.
(d) Ni miaka gani ya maisha ya mhusika imerukwa?
(e) Mhusika ni bapa au duara? Sifa na dosari zimewekwa katika ukurasa mmoja au zimetenganishwa ili zisikutane?
(f) Kitabu kiliandikwa lini, na jamii ya wakati huo ilihitaji nini kutoka kwa shujaa wake?

Mwalimu hahitaji maktaba kubwa kufundishia haya. Wape wanafunzi kazi ya kuandika wasifu wa mzee mmoja wa kijiji chao, kila mmoja akihoji watu watatu: jamaa, jirani na mtu aliyewahi kugombana naye. Watakaporudi na masimulizi matatu yasiyolingana watakuwa wameanza kuhakiki.

Hitimisho

Msichana yule alimaliza masomo na sijakutana naye tena. Lau ningekutana naye ningemwambia hivi. Kisa cha mcheri kilikufunza jinsi watu wa mwaka wa 1806 walivyotaka kumwona baba wa taifa lao, na hilo ni jambo la kweli hata kama mti wenyewe haukuwapo. Kuhusu kusema ukweli, kisa hakikuhitajika. Wewe ulikuja na kitabu mkononi kumwambia mwalimu kwamba amekosea, ilhali ulijua anaweza kukasirika. Somo la ukweli lilikuwa pale, na mwalimu alikuwa mimi niliyepaswa kurudi gwarideni kesho yake nikaseme, "Jana niliwaambia lisilo kweli." Sikurudi.

Walimu wenzangu, tutaendelea kusimulia maisha ya wakubwa, wa ng'ambo na wa kwetu. Tuwasimulie. Ila mwanafunzi akija na kitabu chenye habari tofauti, kengele isubiri.

Maswali ya marudio

1. "Tawasifu inaweza kusema kweli katika kila sentensi na bado ikaficha." Jadili kauli hii kwa kurejelea tawasifu yoyote uliyoisoma. (alama 20)
2. Linganisha na ulinganue nafasi ya msimulizi katika riwaya na katika wasifu. (alama 10)
3. Eleza jinsi methali "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake" inavyoafiki kazi ya mwandishi wa wasifu ulioidhinishwa na familia ya mhusika. (alama 10)
4. Andika wasifu wa kiongozi wa eneo lako ukionyesha fadhila mbili na dosari mbili, na utaje chanzo cha kila habari. (alama 20)